Sura ya Saba: Samaki wa Kwenye Picha

Nyumba ya Mama Mkubwa Rahab pale Oakdale, Minnesota, haikuhitaji kengele. Ukitaka kujua kama kuna watu ndani, tazama viatu mlangoni. Jumamosi ile ya Oktoba viatu vilikuwa vimejaa ukumbini hadi vingine vikalala nje kibarazani, na harufu ya pilau ilikuwa imevuka uzio ikamtoa jirani nyumbani kwake, akajifanya anakusanya majani makavu ambayo alishayakusanya asubuhi.

Sebuleni watu walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa anasikilizwa. Jikoni, Wema alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alitaka kujua kama Felician alisema kweli. Na alitaka kulijua hilo kabla Mzee Jotham hajafika.

Mzee Jotham alikuwa mshenga. Alitumwa na Edson, mhasibu wa Minneapolis, Mpare wa Usangi kama wao, kijana asiyekunywa, asiyechelewa ibada, na aliyenunua gari lisilozimika njiani wakati wa baridi. Mshenga alikuwa ameshakuja mara mbili, na mara zote mbili alikula vizuri akaondoka na ahadi. Leo alikuwa anakuja kuchukua jibu.

"Mimi sikulazimishi," Mama Mkubwa alikuwa amemwambia Wema asubuhi, akichambua mchele. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, akamleta Marekani, akamsomesha unesi. "Ila nionyeshe kasoro ya Edson hata moja. Ukiniletea kasoro, Jotham nitamwambia mwenyewe."

Wema alitafuta kasoro mpaka mchele ukaisha kuchambuliwa. Hakuipata. Alichokuwa nacho ni sentensi moja aliyoambiwa katikati ya bahari, tena na mtu asiyeaminika.

"Hebu rudia," alisema Alice, akikata vitunguu vya kachumbari huku machozi yakimtoka. Alice alikuwa Mkenya, nesi mwenzake wa wadi moja, na mambo ya watu aliyapenda kuliko mshahara. "Huyo Felician alikuambia atakuja kukuomba. Sasa shida iko wapi? Kwetu mtu akisema hivyo tunaanza kuosha sufuria."

"Shida ni kwamba ni Mchaga."

"Na wewe ni Mpare. So?"

"Tunataniana, Alice. Wachaga na Wapare ni watani tangu mababu. Felician akiingia humu anafunua sufuria kabla hajasalimia. Anamwita Mama Mkubwa mchawi, na Mama anacheka. Mimi kila Jumamosi ananiita mke wake, anasema alinitolea mbuzi kilema kwa sababu Wapare hata mbuzi mzima tungemficha. Tukifiwa, yeye ndiye atakayelala kaburini adai alipwe ndipo atoke. Na hakuna ruhusa ya kukasirika."

Alice aliweka kisu chini. "Na akitaka kusema ukweli, anausemea wapi?"

Wema alimwangalia. Wiki tatu nzima alikuwa akizunguka swali hilo kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani, na huyu ameuliza tu hivihivi, mikono ikinuka vitunguu.

"Ndiyo sijui," alisema.

"Sawa. Nipe hiyo story ya boti. Yote. Usiruke mahali."

Wema akaegemea sinki, akasimulia.

Kanisa lao la mjini Saint Paul lilikuwa limeandaa safari ya kufuata nyayo za Mtume Paulo, na mwisho wa safari ulikuwa Malta, kisiwa ambako merikebu ya mtume ilivunjika. Felician, Mkatoliki wa Kibosho, mtu wa maabara katika hospitali moja huko Coon Rapids, alijiunga dakika za mwisho. Alisema anakwenda kuwalinda Walutheri wasizame kama merikebu ya Paulo.

Siku ya mwisho haikuwa na ibada wala magofu. Wengi wakaenda madukani. Watu wanane wakapanda boti ndogo ya Nahodha Karmenu, mzee mwenye mabega mapana na masikio yaliyoungua jua: wastaafu sita wa Minnesota, Wema, na mtani wake. Boti ikaambaa na ufuko, chini ya majabali ya rangi ya mkate. Maji ya Mediterania yalikuwa safi mno. Wema alichungulia akaona kivuli cha boti kikitembea mchangani, mbali huko chini, kana kwamba boti inaelea hewani. Karmenu aliwagawia mkate uliosuguliwa nyanya na kumwagiwa mafuta ya zeituni, akawapitisha kwenye mapango, akazima injini kwenye kighuba kimoja cha kijani. Kisha akagawa miwani ya kuzamia, bomba za kupumulia na mapezi ya kuvaa miguuni.

"Akauliza nani anajua kuogelea," Wema alisema. "Wale wazee wote wakanyoosha mikono. Watu wamekulia kwenye maziwa, Alice. Bibi Margaret ana miaka sabini, aliingia majini kama bata."

"Na nyinyi?"

"Mimi ni mtoto wa mlimani. Maji yangu mimi ni ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, na humo tulikuwa tunachapwa tukitia hata mguu. Nikamtazama Felician. Najua na kwao kuna mifereji ya migomba tu. Lakini akanitazama hivi, akanyoosha mkono."

"Kwa hiyo ukanyoosha na wewe."

"Ningefanyaje? Nishindwe mbele ya Mchaga?"

Alice alicheka mpaka akashika meza. "Mungu wangu. Mngekufa kwa sababu ya kabila."

Na kweli nusura. Waliruka pamoja, na pamoja wakaenda chini. Wema alikumbuka chumvi puani, mapezi yakipiga kila upande, na mkono wa mtu ukimshika kwapani na kumsukuma juu, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anazama. Karmenu akawarushia boya. Alitikisa kichwa tu, kama baba anayetazama watoto waliopanda paa.

Wakaning'inia kwenye boya, huyu upande huu na huyu upande ule, wakikohoa na kutukanana.

"Mpare, ulisema unajua kuogelea."

"Wewe ndiye ulitangulia kunyoosha mkono."

"Mimi nilikuwa namwomba nahodha maji ya kunywa."

Walicheka hadi nguvu zikawaishia. Halafu Bibi Margaret akaogelea karibu, akawafundisha: legeza shingo, lala kifudifudi, pumua kwa mdomo taratibu. Wema akatumbukiza uso.

Hapo hakuwa na maneno ya kumpa Alice. Atamwelezaje mtu kelele inayokatika mara moja, ukabaki na pumzi yako tu, inakwenda na kurudi? Samaki wadogo wa rangi ya fedha walipita kundi zima, wakageuka pamoja kama kitambaa kilichokung'utwa. Majani ya baharini yaliinama na kuinuka. Samaki mmoja mwenye mistari alikuja hadi kwenye kioo cha miwani, akamkagua Wema jicho kwa jicho, akaridhika, akaenda zake. Bila kujua aliyeanza, Wema alikuta mkono wake umo ndani ya mkono wa Felician. Alimwonyesha pweza kwenye ufa wa jiwe. Felician akamwonyesha nyota ya bahari. Kila mmoja alikuwa akimwita mwenzake kwa kubana vidole: tazama, tazama huku.

Walipoinua vichwa, Felician alitoa bomba mdomoni.

"Wema. Tukirudi nitakwenda kwa Mama Mkubwa Rahab kukuomba. Kwa heshima, na mshenga."

"Nawe ukasema nini?" Alice aliuliza kwa kunong'ona.

Wema alifunika uso. "Nikasema, sogea nikupigie sarafu masikioni tujue kama bado u hai."

"Sarafu za nini?"

"Ni utani wetu. Mchaga akizimia, unagonganisha sarafu karibu na sikio. Asipoamka, zika."

"Akacheka?"

"Ndiyo kitu ninachokuambia. Alinitazama, miwani imejaa ukungu, macho siyaoni. Akarudisha bomba mdomoni. Mtu mwenye bomba mdomoni huwezi kujua kama anacheka au hacheki. Akatumbukiza uso majini. Mpaka tunashuka boti hakulitaja tena. Na tangu turudi hajakanyaga hapa. Wiki tatu. Yeye aliyekuwa haruki Jumamosi."

Alice aliokota kisu, akavirudia vitunguu.

"Mama Kibosho huko jikoni," sauti ya Mama Mkubwa ilifika kutoka sebuleni, "leteni hizo picha. Watu wamechoka kusubiri kuona Mediterania."

Mama Kibosho ndilo jina alilomtania nalo Wema tangu safari. Hata Wema mwenyewe lilimchekesha. Wema alichukua bahasha ya picha aliyoipitia dukani asubuhi, akafuta mikono, akaenda.

Picha katika nyumba ile hazikutazamwa, zilihojiwa. Zilipita mkono kwa mkono, kila moja ikifanyiwa mahakama. Huyu mzee mwenye kaptura ni nani? Mkewe yuko wapi? Mbona mkate huu hauna nyama? Zikafika picha za chini ya maji, alizopiga Bibi Margaret kwa kamera ya kutumia mara moja, isiyoingia maji. Samaki, samaki, samaki tena.

"Haya, kitoweo cha mwaka mzima," alisema Mama Mkubwa kwa sauti ya kuigiza. "Felician angekuwepo angesema Wapare tusinunue samaki tena. Tuitundike hii ukutani, tule ugali tukiiangalia."

Watu wakacheka, lakini wengine wakaulizana, kweli jamani, huyo mtani yuko wapi siku hizi?

Picha iliyofuata ikafika mkononi mwa Mama Mkubwa, na mkono wake ukasimama.

Wawili wakielea kifudifudi, wamepigwa kutoka chini. Miwani, bomba, na nyuma yao mwanga wa jua umevunjika vipande. Kati yao, mikono miwili imeshikana. Haikushikana kama ya watu wanaookoana. Vidole vilikuwa vimepishana.

"Huyu ni nani?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe nakuona. Nauliza mwenye mkono."

"Felician."

Sebule ikaangua kicheko. Alaa, mtani. Mtani ndiye huyo, atakushika mkono na pete akuibie. Picha ikaendelea na safari yake. Ni Mama Mkubwa tu ambaye hakucheka. Aliendelea kumtazama Wema, na Wema akaendelea kutazama zulia. Ndani yake alisema: hata picha ikionekana, hawaamini. Na mimi mwenyewe je, ninaamini?

Mlango ukagongwa.

Hakuna aliyegonga mlango katika nyumba ile. Mama Mkubwa aliinuka, akatengeneza kitenge. "Jotham huyo. Wema, kaa vizuri."

Aliyeingia hakuwa Jotham. Alikuwa Francis, mume wa Alice, ndani ya suti nyeusi aliyoivaa mara ya mwisho siku ya harusi yake, na jasho usoni wakati nje kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Nyuma yake, na tai iliyofungwa vibaya, alisimama Felician.

"Francis?" Alice alisema kutoka mlango wa jikoni. "Si uliniambia uko job?"

"Baadaye, mama," Francis alimjibu bila kumtazama.

Sebule nzima ilikuwa imeshajiandaa kucheka. Mtu akauliza kama Mchaga ametoka mahakamani. Mwingine akaficha sahani ya nyama nyuma ya mto. Felician alivua viatu, akavipanga. Alipita mbele ya jiko, mbele ya sufuria, na hakufunua hata moja. Akafika mbele ya Mama Mkubwa Rahab, akainama.

"Shikamoo, Mama."

Katika miaka yote alikuwa hajawahi kumwamkia. Mama Mkubwa alikuwa na neno la kejeli tayari, akaliacha.

"Marahaba," akasema taratibu.

Francis alikohoa. "Wazee wangu, wamama, mimi ni Mkenya, mnisamehe nikikosea protocol. Nimetumwa. Kijana huyu ameona ua katika nyumba hii, na anaomba ruhusa aje alichume rasmi, na watu wake. Ua lenyewe ni Wema."

Kicheko kilicholipuka kilitikisa vikombe. Mzee mmoja alijipiga paja huku machozi yakimtoka. "Mchaga amekodi Mkenya. Amekodi Mkenya na suti."

Mama Mkubwa naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa makavu. Akainua kiganja, kelele zikapungua.

"Felician. Kwa nini Mkenya? Wazee wa Moshi wamejaa mji huu."

"Nilikwenda kwa watatu, Mama," Felician alisema. "Wa kwanza alicheka mpaka akamwita mkewe aje asikie. Wa pili akaniuliza safari hii mbuzi ana miguu mingapi. Wa tatu alikubali, nikafurahi, kisha nikasikia amewaambia watu waje waone mchezo. Wiki tatu nimezunguka. Francis peke yake ndiye aliyeniuliza, unampenda? Kwa sababu kwao hawana utani wetu."

"Aliniambia analia," Francis akaongeza.

"Sikulia."

"Alikuwa karibu."

Wema alisikia pumzi yake ikienda na kurudi kama alivyoisikia chini ya maji. Lakini udadisi ule uliomkosesha usingizi haukumwachia. Wema alimjua mtu huyu. Alijua anaweza kuvaa tai, akainama, akatunga hata machozi, halafu akainuka akisema, mmeliwa, Wapare. Amewahi kufanya makubwa kuliko hayo. Ilibaki njia moja ya kujua, ile ambayo mtani hawezi kuikwepa.

Akasimama. Akachukua sarafu mbili kutoka kibakuli cha funguo kando ya televisheni. Akatembea hadi mbele ya Felician, karibu kabisa, akazigonganisha kwenye sikio lake. Kli. Kli.

"Mchaga," alisema. "Amka. Umekuja kuomba mke, au umesikia Wapare tumepika nyama?"

Mtani ukimchokoza hivyo lazima ajibu. Hata akiwa mgonjwa anajibu. Kutojibu ni kushindwa, na Mchaga hashindwi mbele ya Mpare. Kwa ajili hiyo hiyo walikuwa wamekaribia kufa baharini.

Felician alifungua mdomo. Akaufunga. Macho yake, yasiyo na miwani wala ukungu safari hii, yalimtazama Wema moja kwa moja, na yakajaa. Hakuwa na jibu. Mtu aliyekuwa na maneno ya kuchekesha hadi makaburini alisimama pale na tai yake ya upande, mikono ikining'inia, ameshindwa mbele ya kadamnasi, na hakujali.

Hakuna aliyecheka. Yule mzee aliyejipiga paja alishusha mkono wake polepole. Sahani ya nyama ikatoka nyuma ya mto.

Nje, mlango wa gari ulifungwa. Kupitia dirishani kila mtu alimwona Mzee Jotham akishuka, akaweka kofia sawa, akaanza kupanda njia ya nyumba kwa hatua za mtu anayejua atakula.

Mama Mkubwa Rahab hakugeuka. Alimtazama Wema, kisha akasema maneno ambayo wazazi wa kwao huyasema siku ya posa tu, kwa sauti ya siku hiyo.

"Binti yangu. Wamekuja wageni. Huyu kijana unamjua?"

Ukisema simjui, wageni hunywa maji wakaenda. Wema alilijua hilo tangu utotoni. Alikwishawaona dada zake wakiulizwa, wakijibu kwa kunong'ona, wakikimbilia chumbani. Yeye hakukimbia.

"Namjua, Mama," alisema. "Ila uso wake nimeuona leo."

Mama Mkubwa alivuta pumzi ndefu. Aliichukua ile picha ya mikono miwili kutoka mkononi mwa mtu, akaitazama tena, akaiegemeza kwenye televisheni mahali ambapo kila anayeingia ataiona.

"Nilikuambia uniletee kasoro ya Edson," alisema. "Kumbe kasoro yake ni huyu." Kisha akainua sauti: "Alice, ongeza sahani. Mzee Jotham hataondoka na njaa kwangu, jibu ni jibu na pilau ni pilau. Na wewe Wema, nenda kamfungulie. Utamwambia wewe, kwa adabu, akishakula."

Mlango ukagongwa. Wema alipita kando ya Felician. Vidole vyake vikambana vidole, mara moja, kama kule chini ya maji: tazama.

"Mpare," Felician alinong'ona, sauti ikimrudia. "Na hizo sarafu zangu?"

"Zako tangu lini?" Wema alisema, akizifunga kiganjani. "Hizi nimezishika, ni mwanzo wa mahari." Akaenda kufungua mlango.